UZI: Utafiti wa misitu nchini Kongo, kutoka Yangambi hadi milima ya Bukavu. Nani bado anapima miti?

Mlimani_Ibanda (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, jambo kwenu.

Majuma mawili yaliyopita nilipanda hadi kwenye shamba la zamani la miti, kaskazini ya mji wetu wa Bukavu, mahali ambapo watafiti wa enzi zile walipanda miti ya kigeni na ya kienyeji kwa mistari ili waone ni ipi itakayopatana na baridi na udongo wa huku. Kwenye shina la grevilea moja nene nilikuta kibati chenye namba. Tarakimu 4 na 7 zilisomeka. Zilizofuata zilikuwa zimemezwa na gome, kwa sababu aliyekigongomea hakukiachia nafasi na hakuna aliyerudi kuvuta msumari nje kadiri mti ulivyonenepa. Mzee aliyenisindikiza aliniambia kwamba baba yake alikuwa kibarua wa kushika utepe wa kupimia pale, na kwamba daftari la namba hizo hajui lilikokwenda. Mti ungalipo, lakini bila daftari lile ni mti kama mingine: hatujui mbegu yake ilitoka wapi, ulipandwa mwaka gani, wala wenzake walioanguka walikufa kwa nini.

Kwa wasioifahamu habari hii, naomba nianze mbali kidogo. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliunda shirika la mashamba yake, REPCO, na tarehe 22 Desemba 1933 shirika hilo likapisha taasisi ya utafiti iliyoitwa INEAC, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kilimo wa Kongo ya Kibelgiji, ambayo kazi yake ilikuwa kuchunguza kilimo cha Kongo nzima. Kituo chake kikuu kiliwekwa Yangambi, ukingoni mwa mto Kongo, kiasi cha kilomita 100 kutoka Kisangani ukifuata maji yanakoteremkia. Huku kwetu ilikuwa na kituo cha Mulungu, upande wa barabara ya Katana, pamoja na Tshibinda juu zaidi karibu na msitu wa Kahuzi, ambako kahawa ya arabika na mkwinini ndivyo vilivyopewa kipaumbele. Wabelgiji wengi waliondoka baada ya uhuru wa 1960, na mwaka 1970 ikaundwa INERA, yaani Taasisi ya Taifa ya Masomo na Utafiti wa Kilimo, ambayo ndiyo tuliyo nayo hadi leo.

Angalieni kwamba majina yote mawili yanataja kilimo. Misitu haikujengewa nyumba yake. Ilipewa chumba ndani ya nyumba ya kilimo. Hata hivyo chumba hicho kilijaa kazi. Hebaria ya Yangambi, yaani ghala la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi pamoja na maelezo ya mahali ilipochumwa, ina vielelezo karibu 150,000. Huko Luki, katika Mayombe ya Kongo ya Chini, msitu uliotengwa tangu 1937 uligeuzwa uwanja wa majaribio, na humo watafiti walipanda mlimba, mti wa mbao, katikati ya migomba: mkulima anakula ndizi miaka ya mwanzo huku palizi yake ikiulinda mti mchanga, na migomba inapochoka, mlimba umekwisha kushika nafasi yake. Mimi nauona kuwa ubunifu mzuri kuliko mingi inayoletwa leo kwa jina la kilimo-msitu, kwa sababu ulianza na swali ambalo mkulima huuliza kwanza: nitakula nini huku nikingoja?

Kuna kazi moja ya Yangambi ambayo ningependa tuikalie. Kati ya miaka ya 1937 na 1958, watu walipita msituni juma baada ya juma wakiangalia zaidi ya miti 2,000, mmoja baada ya mwingine, na kuandika kwa mkono kama mti umetoa ua, umezaa, umepukutisha majani au umechipua upya. Fikirini mtu anayerudi kwenye mti uleule juma hili, lijalo na la tatu, kisha anachora alama katika kijisanduku cha jedwali, na mara nyingi hakuna kilichobadilika. Majedwali hayo yalilala miaka mingi, hadi watafiti wa siku hizi walipoyapiga picha na kuwaomba watu wa kujitolea duniani kote wasaidie kuyaingiza kwenye kompyuta. Leo ndiyo yanayotusaidia kujua miti ya bonde la Kongo hufuata majira gani, na yanatupa kitu cha kulinganisha nacho hali ya hewa inapobadilika. Nani angeweza kurudi 1937 kuyaandika upya?

Swali langu kwenu lina pande mbili. Je, Kongo, yenye sehemu kubwa kabisa ya msitu wa bonde hili, inahitaji taasisi ya utafiti wa misitu inayojitegemea, au tatizo liko mahali pengine? Na sisi tunaonunua gunia la makala (makaa) kila mwezi na kupanda mikaratusi kwenye kila mteremko, tumewahi kupata nini kutoka kwa kazi hiyo?

---

FundiMbao_Kadutu

Ndugu Mlimani, asante kwa kufungua mjadala huu. Nitajibu upande wa pili, kwa kuwa wa kwanza ni wa wasomi.

Katika karakana yangu mbao huja kutoka Bunyakiri, Walikale na Shabunda. Muuzaji akisema "libuyu", neno hilo moja linafunika miti kadhaa ya jamii ya Entandrophragma, na wakati mwingine linafunika hata usioihusu jamii hiyo. Mimi naitambua kwa harufu, kwa uzito na kwa jinsi randa inavyolalamika. Lakini nimewahi kutengeneza kabati la mteja kwa mbao nilizoapa kuwa ni libuyu, na baada ya msimu mmoja wa mvua milango ikapinda kama kiganja. Fedha ya mteja niliirudisha. Nilipomwonyesha kipande kijana mmoja aliyesomea misitu, alikata kichwa cha ubao kwa wembe mkali, akalowesha kwa mate, akaangalia kwa kioo cha kukuzia mara kumi, kisha akaniambia kwamba vitundu vya maji vimepangika tofauti na libuyu halisi. Ilimchukua muda mfupi kuliko mimi kunoa patasi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza taasisi ya misitu ina faida gani, nitasema: inipe kile kioo na kijitabu cha picha za vichwa vya mbao thelathini zinazoingia Bukavu, kwa Kiswahili, na bei isizidi ile ya randa.

---

Mwana_Bagira

Naomba niseme lile ambalo wengi hapa hawatalisema. INEAC mnaisifia kana kwamba ilikuwa baraka. Taasisi ile iliundwa ili mashamba ya koloni yatoe mafuta ya mawese, pamba, mpira na kahawa kwa wingi zaidi. Ndiyo iliyobuni mpango wa kuwapanga wakulima kwenye vipande vilivyonyooka msituni, uliotumika katika ile iliyoitwa peyizana, ambapo mtu aliambiwa alime wapi, lini na zao gani, huku msitu ukigawanywa kwa kamba kama kitambaa cha fundi cherehani. Vibarua waliobeba utepe, kama baba yake yule mzee, hawakuandikwa majina katika vitabu vyao. Daftari likipotea, ni mali ya nani iliyopotea?

---

Mlimani_Ibanda

Ndugu Mwana_Bagira, sina ubishi nawe juu ya nia. Taasisi ya mkoloni ilimtumikia mkoloni, na anayetaka kulipamba hilo asome habari za kilimo cha lazima. Ila natofautiana nawe katika swali la mwisho. Anayeathirika daftari likipotea ni yule aliyebaki na mlima. Mbelgiji alikwenda zake na nakala nyingi anazo. Mbao zilizokatwa Kongo ziko Tervuren, kwenye makumbusho ya Afrika huko Ubelgiji, kwa maelfu ya vipande, kila kimoja na namba yake. Aliyebaki na mti usio na maelezo ni mimi, wewe na yule mzee. Tena kazi ya kupima ilifanywa kwa mikono ya Wakongomani, kwa hiyo kuiacha ioze ni kuwanyima watu hao mara ya pili.

Fundi, habari ya kioo imenifurahisha. Yangambi sasa kuna maabara ya baiolojia ya mbao inayofanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa vyombo vikubwa zaidi, na Wakongomani wamefunzwa kuitumia. Njia ya kutoka maabara ile hadi karakana yako Kadutu ndiyo bado haijalimwa.

---

Msomaji_Morogoro

Habari zenu ndugu wa Kivu. Mimi ni jirani kutoka Tanzania, na kwa kuwa swali la nyumba na chumba limetugusa sisi pia, naomba nichangie.

Kwetu misitu ilipewa nyumba yake kwa Sheria namba 5 ya mwaka 1980 iliyounda TAFORI, taasisi yetu ya utafiti wa misitu, yenye makao yake hapa Morogoro, na vituo kama Lushoto kwa ukuzaji wa miti na Moshi kwa matumizi ya mbao. Kabla ya hapo utafiti wa misitu wa Afrika Mashariki ulikuwa chini ya chombo cha pamoja kilichokaa Muguga, Kenya, nacho kilishughulikia kilimo na misitu kwa pamoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na majengo yaliyokuwa upande wake. Wakenya waliuacha utafiti wa misitu ndani ya taasisi yao ya kilimo kwa miaka michache, kisha mwaka 1986 wakaunda KEFRI, taasisi yao ya utafiti wa misitu, palepale Muguga.

Faida ya kujitenga ipo. Kenya, kwa kushirikiana na Wajapani, imefanya kazi ya miaka mingi juu ya mukau, mti wa mbao nzuri unaostahimili ukame wa Kitui na Kibwezi: wamechagua miti mama iliyonyooka na kukua upesi, wakapandikiza vikonyo vyake, wakaweka mashamba ya mbegu, na leo mkulima wa nchi kavu anapata mche ambao wazazi wake wanajulikana. Mukau una mbegu ngumu kama jiwe, ndani ya kokwa ambayo haipasuki bila ustadi, kwa hiyo kwanza ilibidi mtu atumie muda mrefu akijifunza tu namna ya kuitoa na kuiotesha. Katika taasisi ya mahindi na maharage, mtu huyo angeulizwa kila mwaka ameleta nini. Mahindi hujibu kwa msimu mmoja. Mti hujibu baada ya wewe kustaafu.

Lakini msidhani nyumba peke yake inatosha. Nyumba bila chakula ni kuta tu, na sisi tunaijua njaa hiyo.

---

Mlimani_Ibanda

Ndugu wa Morogoro, karibu sana, na sentensi yako ya mahindi na mti nitaiazima.

Niongeze kwamba kwetu kuna kikwazo ambacho hakionekani kwa mbali. INERA iko chini ya wizara ya utafiti wa kisayansi, wakati misitu yenyewe, pamoja na Sheria ya Misitu ya 2002, iko chini ya wizara ya mazingira. Anayekata vibali na anayepima miti wanakula sahani mbalimbali. Ndiyo maana sidhani kwamba kuunda taasisi ya tatu yenye kibao kipya kutaleta tofauti ikiwa hizi mbili hazikai meza moja. Naona ni afadhali chumba kilichopo kipewe mlango wake na fungu lake la fedha lisiloweza kuhamishiwa kwenye mihogo.

Kuhusu chakula ulichokitaja: Yangambi imefufuka kwa kiasi fulani katika miaka ya karibuni, na sehemu kubwa ya fedha imetoka nje, hasa Umoja wa Ulaya. Mwaka 2020 ulisimamishwa huko mnara wa mita 55, kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Ghent pamoja na INERA, unaopima hewa ya ukaa inayoingia na kutoka msituni. Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti mkubwa ulioongozwa na Wannes Hubau, uliotumia viwanja 244 katika nchi 11 za Afrika, na ulionyesha kwamba misitu yetu iliendelea kufyonza kaboni kwa kiwango kilekile kwa miongo mitatu hivi, ingawa dalili za vifo vya miti kuongezeka zilianza kuonekana kutoka kama 2010. Mtu akisikia hivyo hufikiria setilaiti. Kumbe kiini chake ni kazi ya miguu: hekta moja ya msitu, kila mti wenye unene wa sentimita 10 au zaidi unafungwa namba, unapakwa mstari wa rangi mita 1.30 kutoka ardhini, na baada ya miaka michache mtu anarudi na utepe kwenye mstari uleule. Ukipima kidole kimoja juu au chini ya mstari, umedanganya kaboni ya bara zima. Mti ukiwa na mizizi ya mbawa, unapanda ngazi na kupima juu ya mbawa hizo, na unaandika kwamba ulipanda.

Hofu yangu ni siku mradi utakapokwisha. Mnara unahitaji umeme, vipuri na mtu wa kuupanda; daftari la 1937 lilihitaji kalamu ya risasi na mshahara unaofika. Kati ya hayo mawili, sijui ni kipi kilicho rahisi kukitunza kwetu, na nasema hivyo bila mzaha.

---

Mama_Pepinyeri

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nina pepinyeri ndogo, yaani kitalu cha miche, upande wa Kabare na ningependa jibu la kazi.

Mwaka juzi nilinunua mbegu za mikaratusi kwa muuzaji mmoja ambaye sitamtaja. Miche ilitoka vizuri, wateja wakachukua, lakini sasa wanarudi na malalamiko: shamba moja, siku moja ya kupanda, na miti mingine imefika juu ya paa huku mingine imepinda kama fimbo ya mzee. Je, ni udongo au ni mbegu? Na pia nimeombwa miche ya ule mti ambao gome lake hupelekwa Ulaya kwa dawa ya wazee wa kiume. Nimeotesha mara mbili na sikupata kitu.

---

Mlimani_Ibanda

Mama, shikamoo, na asante kwa kuturudisha ardhini.

Juu ya mikaratusi, siwezi kuapa bila kuona shamba, lakini sura unayoieleza ni ya mbegu zilizochumwa kwenye mti mmoja au miwili tu, pengine ule uliokuwa karibu na barabara. Mti uliojichavusha wenyewe huzaa watoto dhaifu, na udhaifu huo hauonekani kitaluni. Kanuni ya vituo vya mbegu ni kuchuma kutoka kwa miti mama kama thelathini, iliyoachana mita 50 hadi 100, iliyonyooka na yenye afya, kisha kuchanganya mbegu kwa viwango sawa na kuandika mahali na tarehe. Muulize muuzaji mbegu zilitoka kwenye miti mingapi. Akikosa jibu, tafuta mwingine.

Mti wa pili ni Prunus africana. Tatizo la mbegu zake ni kwamba hazivumilii kukauka. Wengi wetu tumelelewa kuanika kila mbegu juani kama maharage, na huo ndio msiba wake. Okota matunda yaliyoiva, yakiwa yamegeuka rangi ya zambarau, ondoa nyama yake siku hiyohiyo, osha, weka kivulini na uoteshe mapema iwezekanavyo. Milima yenu ya Kabare ina urefu unaoupenda. Mti huo uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995 kwa sababu watu walikuwa wakiuchuna gome pande zote hadi unakufa ukiwa umesimama, kwa hiyo mwenye shamba lake mwenyewe na kumbukumbu za kupanda atakuwa mahali pazuri zaidi kuliko anayeingia Kahuzi usiku na panga.

---

Mwalimu_Kalehe

Naandika nikiwa na uzito. Mwezi wa Mei 2023 mafuriko yalishuka Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Sisemi kwamba miti ingezuia mvua ile yote. Ila tangu hapo kila shirika linalofika hapa linagawa miche, na mingi ni mikaratusi kwa kuwa ndiyo inayoota bila kubembelezwa. Chini ya mikaratusi iliyobanana, kwenye mteremko mkali, mimi naona udongo uchi. Wanafunzi wangu wananiuliza ni mti gani unaoshika mlima, nami nawajibu kwa kubahatisha. Je, hakuna kituo kilichowahi kulijaribu hili huku Kivu na kuandika?

---

Mlimani_Ibanda

Mwalimu, pole sana, nawe na Kalehe yote.

Jicho lako linaona sawasawa. Kinachopunguza nguvu ya maji kwanza ni kile kilicho karibu na ardhi: majani makavu, nyasi, vichaka. Ndiyo maana kazi za kupambana na mmomonyoko huku Kivu zimetegemea mistari ya nyasi na ya kichaka cha kaliandra inayofuata kontua, yaani inayokata mteremko kwa usawa, ambayo pia inalisha mbuzi, huku grevilea ikiwekwa kwa nafasi ndani ya shamba kwa sababu inakubali kukatwa matawi na haiyasongi maharage. Mikaratusi ina mahali pake kwa miti ya kujengea na kuni, kwenye kipande kisicho juu ya nyumba za watu. Lakini mti mmoja mmoja, kwa udongo wenu na mteremko wenu, jibu la uhakika hutoka kwenye mashamba ya majaribio kama lile nililoanza nalo uzi huu, yale ya vibati.

---

FundiMbao_Kadutu

Basi turudi kwenye kibati. Ulisema 4 na 7. Umepima shina?

---

Mlimani_Ibanda

Nilipima kwa utepe wa cherehani wa mke wangu, ambao haukutosha, nikaunganisha na kamba ya kiatu. Mzingo ni sentimita 214 kwenye mita 1.30. Nimeandika pia upande wa dira ambao kibati kinatazama.

Kuna habari mpya. Yule mzee amenipigia simu jana jioni. Amekumbuka kwamba baba yake alikuwa akilalamika kupanda mlima akiwa na tumbo tupu na kuumaliza amechoka, kwa sababu namba zilianzia chini, kwenye kijito, na kila mstari ulipanda kwenda juu. Kama ndivyo, na kama mistari ilikuwa na miti yenye idadi sawa, tunaweza kuhesabu visiki na mashimo tangu kijitoni na kuujua mti wangu ni wa ngapi, hata kama tarakimu za mwisho zimo ndani ya gome.

Mwalimu, ukipata usafiri, njoo na wanafunzi wawili wenye mwandiko mzuri. Fundi, lete utepe wa kweli. Jumamosi saa moja asubuhi tunaanzia kijitoni.

---

Mama_Pepinyeri

Nami nakuja na viazi. Yule mzee mwambieni asitangulie kupanda. Kilima kile nakijua.